Mjane, Magodoro na Vidole vya Saluni

Mkutubi alistaafu kwa jina tu. Wenzake walifuga kuku, yeye akafuga vitabu: vile vikongwe ambavyo waandishi wake walishakufa zamani, haki zake zimekwisha, sasa ni mali ya kila mtu. Alivipiga picha ukurasa kwa ukurasa, akaviweka kwenye tovuti. Soma bure, chukua bure, wala usiseme asante. Na kweli, hakuna aliyesema. Kitufe cha "Changia" kilikaa pale chini mwaka mzima kama mgeni asiyekaribishwa kiti.

Sasa kampuni inayoihifadhi tovuti ikatoa neno: ada ilipwe kabla ya Ijumaa, la sivyo wanaizima. Pensheni ilishamezwa na paa la nyumba. Mzee wa watu akakosa usingizi.

"Weka matangazo," akasema dada yake, msusi mwenye saluni ng'ambo ya ua na mdomo usiojua likizo.

"Kitabu si gulio!"

"Haya, baki na heshima yako. Ijumaa utaila."

Akaweka. Kesho yake, kando ya sura ya mjane anayemlilia mume aliyepotelea vitani, likachomoza tangazo la magodoro: "Lala Kama Malkia!" Mkutubi alitamani ardhi ipasuke immeze. Akaenda kumlalamikia dada yake, na katika kulalamika likamponyoka hili: kampuni ya matangazo hulipa kila mara mtu anapobofya tangazo.

Loo! Kumwambia yule msusi jambo ni sawa na kulipigia mbiu.

Jumatatu mibofyo ikapanda. Jumanne ikafurika. Mkutubi akacheza peke yake jikoni, akiamini watu wameamka, wanasoma! Jumatano ukaingia ujumbe wa kampuni ya matangazo: mibofyo yote inatoka sehemu moja, huu ni udanganyifu, akaunti imefungwa, hakuna malipo.

Sehemu moja? Akavaa ndala, akavuka ua. Saluni imejaa wanawake, vichwa nusu vimesukwa nusu vimesimama, kila mmoja na simu, vidole gumba vinayatwanga magodoro bila huruma. Ukutani pameandikwa: "Kusuka kwa pesa. Kubofya lazima."

"Tunakusaidia, kaka!" dada akasema, uso unang'aa kwa fahari.

"Mmenimaliza!" Akawaeleza yote.

"Kwani hiyo tovuti ina nini?" akauliza Mama Mikufu, mteja ambaye dhahabu aliyovaa inakufanya uionee huruma shingo yake, na ambaye hajawahi kulipa bei yoyote bila kuipunguza.

Kubofya kote kule, hakuna aliyesoma hata mstari! Kwa hasira mkutubi akachukua simu ya dada yake, akaanza kuwasomea sura ya mjane. Hasira ikampa sauti. Mjane amekubali kuolewa tena, wageni wameketi, mara mlango unagongwa, na mjane anaijua ile namna ya kugonga...

Dada akamnyang'anya simu. "Basi! Iliyobaki inazimwa Ijumaa."

"Aka! Nani amegonga?" saluni nzima ikapiga kelele.

"Lakini ni bure," mkutubi akasema, uaminifu umemzidi, "kila mtu anaweza kusoma mwenyewe hapo kwenye..."

Dada akamkanyaga mguu.

Alhamisi wakarudi mmoja mmoja kusikia nani amegonga, ingawa nywele walikuwa wamesuka jana yake. Kitufe cha "Changia" kikapata kazi. Hata hivyo, kufika jioni pesa zilikuwa bado zinapelea, na mkutubi ameanza kujikunja kwenye kiti. Hapo akaingia Mama Mikufu. Akabonyeza simu yake, pengo likazibika, chenji ikabaki.

Machozi yakamlenga mkutubi. "Kaa basi, Mama, nikusomee mwisho."

"Mwisho gani? Nilimaliza jana nikiwa jikoni. Nimelia mpaka mboga imeungua."

"Ulishasoma? Sasa umelipia nini?"

"Mzee, wewe si ulisema ni bure? Kitu hakina bei, ningepunguza nini?"

Dada alicheka mpaka akashika ukuta. Mama Mikufu akafika mlangoni, akageuka, uso mkavu.

"Ila lile tangazo la magodoro mmelipeleka wapi? Wenzangu walikuwa wanabofya tu. Mimi nilikuwa nalitaka godoro lenyewe."