Unga wa Scovia

Nyota tisa zilizobandikwa kwenye kartoni moja, zimepakwa gundi iliyochanganywa na unga wa kung'aa gizani, zilikaa siku tatu juu ya kabati zikiwa zimefungwa kwa karatasi nyeusi. Aliyezifunga ni Susana. Bintiye Liz, wa Gredi ya Nne, alikuwa ameomba waziweke dirishani, "zishibe kwanza, Mama," lakini Susana akamnyamazisha. Si yeye alikuwa kidato cha tatu, darasa la jioni la watu wazima pale Suna? Alijua jua hupausha rangi. Kitu chenye mwanga, alisema, hufunikwa usiishe, kama uji unavyofunikwa usipoe.

Siku ya wazazi shuleni ikafika. Mwalimu Mirumbe akaziba madirisha ya darasa kwa mablanketi, na saa nne ya asubuhi ikawa giza totoro. Liz akasimama mbele, akafungua karatasi.

Hakukuonekana kitu. Mtu akakohoa.

"Nyota zimeenda likizo!" akasema Edith, mama mmoja aliyekaa nyuma, na darasa zima likaangua kicheko.

Liz hakulia. Afadhali angelia. Aligeuka tu upande ilikotoka pumzi ya mama yake, akangoja. Susana akatafuta pa kuutua mzigo wa aibu, na akapata mahali upesi mno.

"Ni Scovia!" alisema. "Yule wa duka la shanga sokoni. Ameniuzia unga wa muhogo! Msinunue kwake, anatuibia mchana kweupe."

Kila mzazi alimjua Scovia. Shanga, gundi na karatasi za manila za watoto zilitoka kwake. Simu zikaanza kuwaka gizani, moja baada ya nyingine.

Maonyesho yalipokwisha, Susana alimwacha Liz akipanga foleni ya chakula, akaibeba kartoni wazi kama ilivyo, akateremka sokoni katika jua kali, hasira ikimtangulia.

"Karibu, Mama Liz," alisema Scovia, mama wa makamo, bila kuinuka kitini. "Nimeona mmeniandika kwa grupu ya wazazi."

"Sikuandika mimi."

"Ulisema wewe, wakaandika wao."

"Kwani ni uongo? Unga wako umekufa!" Susana akaitua kartoni mezani kwa kishindo.

Scovia akaiangalia. Akainua kitambaa kilichoning'inia mbele ya meza, akaisukuma kartoni chini kule gizani. "Inama."

Susana akainama. Nyota zote tisa zilikuwa zinawaka, kijani kibichi, hata vidole vya Scovia vilionekana.

"Ulikuwa umeziweka wapi?"

"Nilizifunika," alisema Susana. "Siku tatu."

"Yawa!" Scovia hakucheka. "Unga huu hauna mwanga wake, nyathina, mwanangu. Unakula wa jua ama wa taa, halafu unautema kidogo kidogo. Mwanga wa siku ya kwanza uliisha siku hiyohiyo. Leo umekula ukiwa njiani, umeubeba juani mwenyewe."

Hapo somo zima likamrudia Susana. Mwalimu Bogonko wa darasa la jioni alilifundisha: elektroni hupigwa na mwanga, zikapanda juu kwa nguvu ile, nyingine zikanaswa humo ndani ya unga kama panya mtegoni, kisha zikaponyoka polepole, na kila inayorudi chini huachia chembe ya mwanga. Alikuwa ameliandika lote. Alipata nane kwa kumi. Hakuwahi kufikiri kwamba maneno ya daftarini yanahusu kabati lake.

"Nisamehe, mama."

"Mimi nimekusamehe. Lakini si mimi niliyeambiwa." Scovia akamrudishia kartoni. "Wamama wawili wamekuja sasa hivi kurudisha gundi. Gundi! Gundi nayo inang'aa?"

Njiani kurudi, uongo ulimjia Susana ukiwa umekwisha kupikwa: aseme unga ulikuwa mbovu kweli, na Scovia amembadilishia. Wangeamini wote. Aliona haya kwamba ulimjia, na aliona haya zaidi kwamba aliutembeza hadi langoni mwa shule kabla ya kuuacha.

Wazazi walikuwa darasani wakila chapati na maharagwe. Susana akasimama palepale aliposimama Liz.

"Unga wa Scovia ni mzuri," alisema. "Ni mimi niliyezinyima nyota jua."

"Kwa hivyo unga ni mzima," alisema Edith, "msomi ndiye mbovu?"

Wakacheka tena. Susana akangoja wamalize.

"Ndiyo."

"Mimi nilimwambia tuziweke dirishani," alisema Liz, mdomo umejaa chapati.

"Aliniambia," alisema Susana. "Nikamnyamazisha."

Kicheko kikapungua. Edith akafuta vidole, akachukua simu, akaandika na kusoma kwa sauti: "'Wazazi, kulikuwa na kutoelewana kidogo kuhusu duka la Scovia.' Sawa?"

Ilikuwa njia ya kutokea, tena ya heshima.

"Hapana, si sawa. Andika kwamba nilimsingizia. Na uweke Susana, mama yake Liz, wasije wakadhani ni mwingine."

Edith akafuta alichoandika.

"Haya," alisema, safari hii bila mzaha. "Sema polepole nikifuata."