Sauti ya Baba Sokoni Tarakea

Baba yetu, mzee Sirili, tulimzika mwaka juzi kihambani, shamba la ukoo wetu huko Kilema, nyuma ya migomba. Mwezi uliopita shangazi Mektrida alimsikia akiuza dawa ya magoti sokoni Tarakea.

Shangazi hakutia chumvi. Mchuuzi alikuwa na spika, na ndani ya spika alikuwa baba, na kile kikohozi chake kidogo cha kabla ya kuanza kusema. Shangazi alipiga simu nyumbani huku analia. Kwa bahati mbaya aliyepokea ni mama.

Ningekuwa mimi ningepanda gari nikaivunje hiyo spika. Mama alitafuta mbege, pombe yetu ya ndizi. Kwa wazee wetu, marehemu akianza kusikika huko na huko, basi kuna kitu amenyimwa nyumbani. Nilimkuta mama kaburini, rozari shingoni na kata mkononi, anamwaga pombe taratibu na kumuuliza mumewe, "Sirili, nimekunyima nini mimi? Kwa nini umekwenda kunisema kwa watu wa Tarakea?"

Nililia. Kisha nikapandwa na hasira, maana nilijua wa kumuuliza.

Kaka yangu Ezra anakaa Shirimatunda huko mjini, na kila kitu chake kimo kwenye simu. Baada ya msiba alimwona mama akirudiarudia kusikiliza jumbe za sauti alizoachiwa na baba. Akazichukua zote, akazipeleka kwenye programu ya kampuni kubwa ya ng'ambo, inayojifunza sauti ya marehemu ili imsalimie mjane kila asubuhi. Mama alisikiliza mara moja tu, akamrudishia simu. "Huyu ananisalimia kama afisa kilimo," alisema. Tukacheka, tukasahau. Kampuni haikusahau.

Nilimpigia. "Ezra, kule ulikubali nini?"

"Hilda, si unajua, wote tunabonyeza tu 'nakubali'."

"Sauti ilikuwa yako?"

Ezra alipoyasoma yale masharti, safari hii mpaka mwisho, aliona kwamba yeyote anayetaka sauti ya mzee mwenye Kiswahili cha heshima anaweza kuikodi. Aliwaandikia wenye kampuni. Akajibiwa na mashine, kwa adabu kubwa, kwamba akaunti inaweza kufungwa, ila kilichokwisha kujifunzwa hakirudishwi.

Jumapili baada ya misa alipanda Kilema. Alikuwa amehamisha jumbe za baba na picha zetu zote kwenye flashi mbili, moja yake na moja ya nyumbani, na akaunti zake za huko ameanza kuzifunga. Lakini mkononi alishika jani la isale. Kwetu ukiletewa isale, huna ruhusa ya kukataa kusamehe.

"Shikamoo, mama," alisema akiwa amepiga magoti. Akamweleza yote, mpaka ile spika ya mchuuzi.

Mama alipokea jani akamwinua. "Nimekusamehe, mwanangu. Ulitaka nifurahi." Nilimpenda mama siku hiyo kuliko siku zote, ingawa mimi bado nilitamani kumzaba Ezra kibao.

"Na hao wenye kampuni," mama akauliza, "wao wataleta lini isale?"

Ezra aliinamisha kichwa. "Mama, hawajui hata kama upo."

Mama alisimama akilitazama lile jani, halafu akazunguka nyumba kuelekea kwenye migomba. Tukamfuata. Udongo wa kaburi ulikuwa bado unanuka mbege. Aliinama kwa shida, maana magoti yake kweli yanamsumbua, akaliweka jani kwenye kaburi, akalishika hapo kwa mikono miwili.

"Sirili, nisamehe," alisema. "Nilidhani ni wewe uliyekwenda kunisema."

Ezra akapiga magoti kando yake. Na mimi nikapiga, kwa sababu sikujua la kufanya zaidi ya hilo.