Boga la Mama na Ua la Jirani

Mama aliniachia mbegu nne za boga, zimefungwa kwenye kipande cha gazeti. Boga lake lilikuwa la rangi ya majivu, lenye mistari ya kijani, na ndani njano kama kiini cha yai. Sijaliona kwingine. Alipofariki nilikuwa mjamzito, na lile gazeti nililiweka chini ya mto, nikalala juu yake miezi yote iliyobaki.

Msimu huu nilizipanda zote nne. Ikaota moja tu. Mche ulitambaa kwenye uzio wa nyuma ya jiko taratibu, kama mtu atembeaye usingizini, nami kila asubuhi nilitoka na mtoto mgongoni kuona umefika wapi. Halafu majani yakashika ukungu mweupe, mmea ukaanza kuchoka. Likabaki ua jike moja, lenye kiboga cha ukubwa wa gololi chini yake, na ua dume moja. Yote mawili yalikuwa yafunguke kesho yake alfajiri.

Mwalimu wetu wa shule ya jioni alishatueleza kwamba nyuki hachagui mlango. Anatoka kwenye maboga ya jirani, anaingia kwako, na mbegu zinachanganyika. Dawa yake ni kuyafunga maua kwa uzi jioni, kisha asubuhi uyaozeshe mwenyewe, chavua ya dume uipake jike.

Jioni hiyo nilikuwa na mtihani. Nikampa wifi yangu uzi, nikamwambia anifungie maua.

"Maua yafungwe?" akacheka. "Haya, nenda. Niweke na kufuli?"

Niliporudi akanipakulia. Kwenye mboga za majani mlikuwa na vipande vya njano.

"Wifi, hii njano ni nini?"

"Lile ua la kikonyo kirefu. Halina kiboga, halizai, linanyonya maji ya bure. Lenye mtoto nimelifunga vizuri, hilo nikalitia sufuriani."

Hata mama alikuwa akiyachuma hayo kwa mboga, yakiwa mengi. Kosa langu. Nilisema "maua" tu, nikakimbilia mtihani. Nikaweka kijiko chini.

"Hilo ndilo lilikuwa dume, wifi. Lilikuwa moja."

Akachungulia sufuria. "Basi nimempika bwana harusi," akasema, ila hakucheka.

Alfajiri bustani ilikuwa nyeupe kwa umande, hata uzio ulionekana kama umechorwa juu ya maziwa. Nilifungua uzi. Ua likajikunjua mkononi mwangu polepole, likang'aa kama taa iliyosahauliwa kuzimwa. Lingekaa hivyo mpaka saa nne, basi. Nikilifunga tena, kiboga kingedondoka na mbegu za mama ziwe zimekwisha duniani. Nikiliozesha kwa jirani, zingezaliwa, lakini si zile.

Wifi akatokea pembeni ya uzio, miguu imelowa, mkononi ameshika ua dume.

"Nimeliomba kwa jirani, yule fundi viatu. Kaniuliza asubuhi yote hii maua ya nani, nikamwambia naenda kuposa."

"Si la ukoo, wifi."

"Kwani kaka yangu ni wa ukoo wenu?" Akanisogelea, akamfuta mtoto ute mdomoni kwa kidole. "Huyu umemchanganya na sisi, na paji hili la uso ni la mama yako. Mbona hujamrudisha?"

Nikageuza shingo. Mtoto alikuwa macho, ananyoosha mkono kulielekea lile ua la njano, na paji lake la uso lilikuwa pana, tulivu, lile lile nililokuwa nalibusu zamani nikitumwa dukani.

Nikalipokea ua. Nikachambua petali zake, nikagusisha chavua kwenye ua jike kwa upole, kama ninavyompaka mwanangu mafuta baada ya kuoga. Wifi alishika kikonyo kisitikisike. Nikafunga tena kwa uzi.

Siku ya tano gololi ilikuwa ngumi, imeinamisha shingo. Sasa ni boga kubwa la majivu na mistari yake, mama mtupu kwa nje. Kilichomo ndani ya mbegu tutakijua mwakani zikizaa. Wifi hana subira. Ameshamwomba fundi viatu kipande cha uzio wake, upande wenye jua.