Khanga ya Nasma

Mteja alimsogezea Sabaha simu mpaka karibu na pua. "Dada, nataka hii. Ya Nasma."

Sabaha aliitazama kama anayetazama bei ya nyanya. Aliijua. Mwanamke ameinamia bomba la uani, ndoo mkononi, khanga nyekundu imelowa na kumganda kiunoni na mapajani. Chini wameandika: Msiba haujapunguza mzigo. Waliopenda walikuwa wamefika laki mbili.

Asiyejua angesema Nasma mwimbaji amepigwa picha ya tangazo. Kumbe Jumanne ile Nasma alikuwa anamwosha mama yake. Magomeni, chumba cha uani, pazia limeshushwa, yeye na dada yake Sabaha na bibi mmoja mwosha maiti. Maji yakapungua, Nasma akatoka kujaza ndoo. Hatua sita. Waandishi wa mitandaoni walizuiwa mlangoni tangu alfajiri, kwa hiyo aliyepiga alikuwa mtu wa ndani, mmoja wa waliokuwa mkekani wanalia. Sabaha hakujisumbua kumtafuta. Khanga yenyewe aliitoa yeye, hapa hapa dukani kwa Arvind, Kariakoo, anapouza mwaka wa kumi na moja sasa.

"Zipo?"

"Zipo. Ila hiyo haina jina la mtu, mdogo wangu."

"Wee! Kariakoo nzima inaitwa Nasma. Nipe doti, na unifunge kama alivyofunga yeye, ishike."

Shoga yake akaangua kicheko. "Ishike nini, huo mlingoti?"

Sabaha akamfunga. Mikono ilijua njia, yeye hakuwepo.

Jana Nasma alimwambia kwa simu kuwa hakanyagi kwenye hitma kama khanga ile bado inauzwa kwa jina lake. "Nikae mkekani wanitazame nini, dada? Mapaja?" Na hitma ndiyo leo, baada ya Alasiri. Sabaha hakutaka lingine duniani: mama asomewe na watoto wake wote wawili, basi.

Mteja alipoondoka, akamwendea Arvind. "Bosi, ile nyekundu naomba tuitoe."

Mzee alivua miwani. Picha alikuwa ameiona, nani hajaiona? "Toa, Sabaha. Mama yako mama yangu." Akazishusha mwenyewe, akazipeleka stoo.

Nje wamachinga walikuwa wameshatandika za kwao. "Nasma huyo! Mlowanishe mwenyewe nyumbani!"

Saa saba simu ikaita.

"Dada, hapo dukani zipo?"

"Tumezitoa zote. Njoo."

"Msizitoe." Nyuma ya Nasma ilisikika sauti ya Beno, meneja wake. "Beno kaniletea watu wa kiwanda cha khanga. Wanataka niivae mimi, kwenye maji. Saa tisa napiga picha."

"Hitma saa kumi, Nasma."

"Najua."

"Si ulisema..."

"Nilisema. Wameshaniona, dada, nitawafumba macho? Afadhali wanione nikiwa nimejipanga." Sauti yake haikuwa ya hasira wala ya kilio. Alikuwa kama anasoma orodha ya vitu vya sokoni. "Nikimaliza nakuja. Nitawakuta?"

"Sijui."

"Nitumie doti mbili kwa bodaboda. Zile zile, rangi isipishane."

"Haya."

Sabaha akaenda stoo. Arvind akauliza, "Zinarudi?"

"Zinarudi."

Akapanga rafu upya. Akachambua doti mbili zilizofanana wekundu, akazikunja, akazitia kwenye mfuko, akampa mwenye bodaboda na kumwelekeza. Alitarajia roho imuume. Alisubiri kidogo pale kizingitini, haikuuma, akachukua baibui lake akaenda Magomeni.

Wanawake walikuwa wamejaa mpaka barazani. Shangazi Waridi alikuwa anagawa juzuu, kila mtu na yake, Kurani iishe kabla ya Magharibi.

"Mdogo wako yuko wapi?"

"Yuko kazini, shangazi."

Waridi akamtazama, akaangalia juzuu zilizobaki mkononi, akampa mbili. Sabaha akaketi, akaiweka moja chini ya goti, akaifungua nyingine.