Mashada ya Tini Dume

Asubuhi ile Tassadit alikuta mashada ya tini dume yamening'inia kwenye mtini wake, mabichi, yametungwa kwa uzi mwekundu wa sufu, na hakuna aliyekuwa amebisha hodi. Alisimama mlangoni na ndoo ya maji, akayatazama hadi mkono ukafa ganzi. Kijiji kizima kilijua uzi ule mwekundu ni wa nani.

Mtini wenyewe ulikuwa mchanga. Moto ulipouteketeza mlima uliondoka na miti yote aliyoiacha marehemu mumewe, na Tassadit akaapa hatapanda tena hata kitunguu. Kisha chama cha bustani kikaja. Wake kwa waume walipanda mteremko na miche mabegani, wakachimba, wakamwagilia, wakazungushia maua ya kuvutia nyuki, mpaka majivu yakaanza kunukia. Siku hiyo alilia kwa shukrani mbele za watu, wala hakuona haya.

Siku hiyo hiyo ulimi ulimponza. Mtini dume pekee ulionusurika ulikuwa uani kwa jirani yake Faroudja, umeungua upande mmoja. Ouiza, mwenyekiti wa chama, aliona hautapona, akataka ung'olewe upandwe mlozi. Faroudja alikataa katakata. Tassadit, kikombe cha kahawa mkononi, akataka kuwachekesha watu.

"Mwacheni jamani! Mti hauzai, lakini mwenzenu anaulea kama bwana harusi."

Watu walicheka, kisha wakanyamaza ghafla. Faroudja hakujaliwa mtoto. Aliweka kikombe chake chini taratibu, akafuta mikono, akaenda zake. Tangu hapo, wakikutana kisimani, mmoja huangalia mlima na mwingine ndoo. Tassadit alikuwa amekusudia mti, wallahi mti tu. Lakini angemweleza nani?

Mwaka jana tini zake zote zilidondoka zikiwa za kijani, ndogo kama zeituni. Nyuki walijaa kwenye maua, lakini nyuki hana kazi na mtini. Ua la tini limo ndani ya tunda, na wanaoujua mlango wake ni vijinyigu vinavyozaliwa ndani ya tini dume. Ndiyo maana tini hizo zisizolika hutungwa mashada na kutundikwa kwenye mitini mingine, ili vijinyigu vitoke huku viingie kule. Faroudja aliyatunga kwa uzi wake mwekundu, akamgawia kila aliyekwenda kuchukua. Tassadit hakwenda.

"Utakula kiburi chako na mkate?" Ouiza alimuuliza wiki iliyopita.

"Si kiburi, dada. Ni aibu."

"Basi kula aibu na mkate. Tini hupati."

Na sasa mashada haya hapa. Moyo ulimjaa. Alitamani kukimbia mpaka kwa jirani yake amkumbatie, amwagie asante zote alizonazo. Ila kijijini pale tini dume hazishukuriwi. Ukisema asante, vijinyigu hukimbia. Ndivyo walivyofundishwa tangu wadogo, na hakuna aliyewahi kuthubutu kujaribu.

Faroudja alitokea nje ya ukuta wa ua, mzigo wa majani ya mbuzi kichwani, akipita kana kwamba hana habari.

"Dada Faroudja!"

Akasimama, bila kugeuka.

"Siku ile ya kupanda miti, mimi..."

"Siku ile ulikuwa na mdomo mpana kuliko beseni. Bado unao?"

"Bado ninao."

"Basi ufunge. Ukinishukuru, watoto wangu watakukimbia."

Neno hilo lilimchoma Tassadit, kisha likampoza. Aliitua ndoo. Akausogelea mtini, akainamisha tawi moja. Juu ya tini changa palikuwa na vidoa vyeusi, vidogo kama punje za pilipili manga iliyosagwa, vinatambaa vikitafuta kijitundu cha kuingilia. Kimoja kilijipenyeza, kikaacha mabawa yake nje. Asante ilikuwa imemfika kooni, aliimeza.

"Wanao wamefika salama," akasema.

Faroudja aligeuka. Alishusha mzigo wa majani, akauweka juu ya ukuta, na kwa muda akawa anaung'ang'ania kwa mikono miwili.

"Wote?" akauliza.

Tassadit alikuwa ameshaliendea lango.

"Ingia uwahesabu."