Kibati Namba Saba

Walipokuwa watu kumi na mmoja, Filimbi alikuwa haogopi kitu. Watu kumi na mmoja unawajua. Unamjua mwenye kikohozi, unamjua anayefumba jicho ambalo hakupaswa kulifumba, unamjua mwalimu wa hesabu anayejumlisha alama zake kabla hata karatasi haijashushwa. Ukigeuza kichwa mara moja umeshawahesabu wote, na aliyebaki kule kwenye shabaha unamtambua hata kwa mgongo. Hofu ilimwingia walipofika arobaini.

Na hao arobaini aliwaleta mwenyewe. Kujitakia hakuna pole.

Klabu yao ya kulenga shabaha ilikuwa na uwanja mmoja, mita hamsini za nyasi zinazoishia kwenye tuta refu la udongo la kuzuia risasi. Baraza la mji lilichoka kuutazama ukiwa mtupu. Ikaja barua: mashindano matatu mfululizo, kila shindano watu wasiopungua arobaini, la sivyo uwanja unageuzwa maegesho ya malori. Mwenyekiti wa klabu ni muuza magodoro, na huamini hakuna kitu duniani kisichouzika ukikifunga vizuri. Aliisoma barua mara mbili, kisha akamgeukia Filimbi, ambaye siku za kazi ni karani wa ghala la dawa na Jumamosi ndiye msimamizi wa uwanja. Jina lake la kuzaliwa lilikwisha kumezwa na hiyo filimbi anayoivaa shingoni.

"Sasa mama, watu tunawatoa wapi?"

Filimbi alikuna kichwa siku mbili, akapata. Aliwaruhusu wapigaji waende wenyewe kutazama karatasi zao, kwa sababu mtu akishaliona tundu alilolitoboa kwa mkono wake, hata liwe pembeni kabisa, wiki ijayo atarudi, na atakuja na shemeji yake. Akaagiza kofia nyeupe za bure. Akatundika kitambaa kirefu chekundu chini ya fremu za shabaha, kuanzia ya kwanza hadi ya kumi, kimeandikwa KARIBUNI WOTE kwa herufi ambazo hata mpita njia angezisoma kutoka barabarani. Mwisho akapunguza mapumziko ya kubadili karatasi, maana wake na watoto wa wapigaji walikuwa wanapiga miayo. Dakika kumi zikawa sita. Shindano la kwanza walikuja watu arobaini na mmoja, la pili arobaini na sita. Mwenyekiti alitembea na tabasamu wiki nzima kama bwana harusi.

Filimbi hakutabasamu. Alikuwa amemwona mgeni mmoja akigeuka na bunduki mkononi ili aitikie salamu, na mtutu ukapita mbele ya matumbo ya watu wanne. Haikuwa na risasi. Lakini tangu siku hiyo kila Jumamosi alfajiri alikuwa akiamka akihesabu watu ambao hawakuwepo.

Kitu kimoja tu kilikuwa kikimtuliza, nacho ni vibati vya baba yake.

Baba yake alikuwa fundi saa, sasa amestaafu, na masikio yake yalistaafu pamoja naye. Kazi yake klabuni ilikuwa kuziba matundu ya shabaha kwa gundi na vipande vya karatasi, na kukaza fremu zilizolegea. Ni yeye aliyekata vibati kumi vya bati, akavigonga namba kwa mkono, akavipitishia kamba nyeusi za viatu, akavitundika kwenye misumari kumi pembeni ya meza ya msimamizi. Anayeshuka kwenye shabaha anavaa kibati shingoni. Akirudi anakirudisha msumarini. Msumari mmoja ukiwa mtupu, bendera nyekundu haishuki na hakuna anayegusa bunduki. Basi. Sheria ya mtoto mdogo, na kwa miaka kumi na minne haikumwangusha mtu.

Yeye mzee kibati chake kilikuwa namba saba, na ole wake atakayekigusa. Wengine wakishuka hugeuka mara mbili tatu kuitazama bendera. Yeye alikuwa hageuki. Alishika ndoo yake ya gundi akaenda zake, mgongo umenyooka.

"Nigeuke kutafuta nini?" alikuwa akisema. "Si mwanangu yuko pale?"

Shindano la tatu lilianza vizuri. Watu arobaini na watatu, na karibu wote wamevaa kofia nyeupe. Afisa wa baraza la mji aliketi kivulini na daftari lake, miguu ameikunja, akatangaza kwamba saa sita kamili ana kikao kingine na angependa kuona mwisho wa shindano kabla hajaondoka. Mwenyekiti alimletea chai, kisha akamletea mto.

Saa tano na nusu wakafikia mzunguko wa mwisho. Bunduki zikafunguliwa, zikalazwa mezani, bendera nyekundu ikapanda, watu wakavaa vibati wakashuka kubadili karatasi. Dakika ya sita Filimbi alipuliza filimbi mara tatu. Wakapanda wakicheka, wakionyeshana karatasi zao, wakatundika vibati. Filimbi akatazama misumari, kama alivyoitazama miaka yote.

Vibati tisa. Msumari wa saba mtupu.

 Akatazama chini uwanjani: fremu kumi, karatasi kumi mpya, na kile kitambaa chekundu kutoka mwanzo hadi mwisho. Mtu haonekani.

"Baba yuko wapi?"

Wapigaji walitazamana. Mmoja alisema alimwona, mwingine akasema labda yuko chooni. Filimbi akapuliza tena, kwa nguvu mpaka mashavu yakamuuma. Hakuna kilichotikisika kule chini.

Mwenyekiti akaja mbio. "Kuna nini tena? Bwana mkubwa anatazama saa."

"Kibati cha baba hakipo."

"Mzee? Mzee ameondoka. Nimemwona kwa macho yangu akitoka pale langoni sasa hivi, na kofia yake."

"Una uhakika ni yeye?"

"Mama, mzee mfupi, kofia nyeupe, anatembea taratibu. Ni nani mwingine? Atakuwa amekwenda na kibati mfukoni. Wazee hawa, unawajua."

Filimbi alitaka kuamini. Haifai kuficha, alitaka sana. Asubuhi ile ile mzee alilalamika kwamba amesahau dawa yake ya macho nyumbani. Inaingia akilini. Nyuma yake watu walianza kunung'unika. Mtu mmoja akauliza kama wanasubiri mvua. Afisa alifunga daftari, akalifungua tena. Filimbi alisema hapana, bila kibati hatuanzi; akasema hivyo mara mbili, na mara ya pili sauti yake ilikuwa ndogo kuliko ya kwanza.

Mwenyekiti aliingia ofisini. Alipotoka alikuwa ameinua kitu juu, kinametameta.

"Hiki hapa! Kilikuwa kwenye meza ya chai. Si nilikwambia?"

Akakitundika msumarini yeye mwenyewe. Namba saba. Misumari kumi, vibati kumi. Watu wakapiga makofi, na Filimbi akajisikia mwepesi, mwepesi mno, kama mtu aliyeambiwa kuwa homa ni mafua tu. Akashusha bendera nyekundu. Akachukua ya kijani.

"Wapigaji, mahali penu!"

Wakalala kwenye mikeka, watu kumi. Aliyekuwa kwenye mstari wa saba ni kijana wa benki, mpole, analenga vizuri kuliko wote.

"Jazeni!"

Akasikia vyuma kumi vikifungwa, mlio mmoja mfupi. Bendera ya kijani ikiinuka, watafyatua. Akaanza kuinua mkono, na katika kuinua, kwa mazoea tu, jicho lake likarudi kwenye misumari.

Kamba tisa zilikuwa nyeusi, zimekolea jasho na mafuta ya bunduki. Kamba ya saba ilikuwa nyeupe pepepe.

Aliijua kamba ile. Maboksi ya kofia yalikuja yamefungwa nayo, na alizikata mwenyewe kwa mkasi, mbili zikabaki kwenye droo ya ofisini. Droo hiyo hiyo ndiyo yenye vibati vya akiba, ambavyo baba yake alivikata, akavigonga namba, na hakuwahi kuvitia kamba.

Mkono wa bendera ulikuwa umefika begani.

"Acheni!" Sauti ilimtoka ambayo hakuwahi kuisikia. "Acheni! Vidole nje! Toeni risasi! Fungueni bunduki, simameni, rudini nyuma! Wote! Rudini nyuma!"

Aliitupa bendera ya kijani chini, akapandisha nyekundu, kamba ikamkatalia mara mbili. Akapita kwenye mikeka, akatazama kila bunduki, moja hadi kumi, matundu yako wazi, hamna kitu. Mwenyekiti alikuwa anasema jambo. Hakumsikia. Akaanza kushuka.

Mita hamsini si kitu. Alikuwa amezitembea mara elfu. Siku ile kichwani alikuwa anaomba, yeye asiyeomba mpaka afiwe: asiwepo, asiwepo, awe nyumbani anatia dawa macho, nionekane mjinga mbele ya watu wote, nipoteze uwanja, lakini asiwepo. "Baba!" aliita. "Baba!" Fremu ya saba ilimtazama na karatasi yake safi. Akainama, akashika kitambaa, akakiinua.

Viatu vya kahawia. Soksi moja imeteremka.

Baba yake alikuwa amekaa kwenye ndoo yake iliyopinduliwa, kati ya fremu na tuta, viziba masikio vikubwa kichwani, bisibisi mkononi, anakaza mguu wa fremu. Kichwa chake kilikuwa nyuma ya karatasi, karibu na duara jeusi la katikati. Kibati namba saba kilining'inia kifuani. Alipomwona alivua kiziba kimoja, akatazama saa yake ya mkononi.

"Mbona umekuja? Bado dakika moja."

Dakika kumi. Hakuna aliyemwambia kuwa siku hizi ni sita. Mashindano mawili yaliyopita alikuwa akiwahi kumaliza, leo fremu imemchelewesha. Na aliyezipunguza dakika ni binti yake, aliyewatangazia wageni kwa kipaza sauti akamsahau mzee asiyesikia.

Filimbi alimwinua kwenye ndoo. Alimshika mkono, na mzee akadhani binti yake ndiye anayeumwa.

Wakapanda pamoja. Watu arobaini na kitu waliwapisha njia, hata watoto. Kijana wa benki alikuwa amekaa chini, amejishika kichwa. Mzee alivua kibati chake, akaenda kukitundika kama kawaida, akakuta msumari una kibati. Akakitazama. Akaigusa ile kamba nyeupe kwa kidole gumba, fundi wa vitu vidogo, mtu asiyehitaji kuambiwa mara mbili.

"Nani amefunga hii?"

Mwenyekiti alifungua mdomo. Machozi yalikuwa yamemjaa. Mtu yule hakuwa mbaya, alikuwa na uhakika tu, na uhakika wake ulivaa kofia nyeupe. Lakini Filimbi alimtangulia.

"Kamba amefunga mwenyekiti," alisema. "Lakini aliyesema jazeni ni mimi, baba. Bunduki zilikuwa zimejazwa."

Mzee aliitazama bendera ya kijani pale kwenye nyasi, akaitazama mikeka, kisha fremu ya saba kule mbali. Alihesabu mwenyewe, taratibu. Alipomaliza aliomba kiti.

Afisa wa baraza aliondoka bila kuaga, na kila mtu akajua kwamba uwanja umekwenda. Haukwenda. Aliandika kwamba watu arobaini na watatu walihudhuria na kwamba taratibu za usalama zinafuatwa. Kwa nini aliandika hivyo, muulize yeye. Habari ilienea mjini kwa jinsi habari zinavyoenea, kila mdomo ukiongeza chumvi yake, na shindano lililofuata walikuja watu sabini na wanne. Sabini na wanne! Walikuja kuona fremu ya saba. Binadamu bwana, mwite kwa wema hasikii, mwite kwa ajali uone atakavyokimbia.

Kitambaa chekundu kilikuwa kimeondolewa. Kofia zilipigwa marufuku. Dakika zilirudi kumi, na vibati vya akiba Filimbi alivikunja kwa nyundo kimoja kimoja. Baba yake alikuja pia, ingawa alimsihi abaki nyumbani. Alivaa kibati chake, akachukua ndoo ya gundi, akaanza kushuka mgongo umenyooka, na Filimbi akasimama chini ya bendera nyekundu bila kupepesa macho.

Mzee alikwenda hatua tano. Akasimama, akageuka, akamtazama.

Filimbi akainua mkono. Baba yake akaendelea kushuka, na kabla hajafika kwenye fremu aligeuka tena mara mbili.