Nani Aseme "Inua"

Mwanamvua wa Ujiji hakuomba makubwa. Aliomba tu giza la mwezi lisiishe kabla mitumbwi ya marehemu mumewe haijarudi majini. Dagaa huvuliwa gizani, mbalamwezi ikitoka hawaifuati taa, na yeye alikula, akavaa na kutoa sadaka kwa dagaa hao hao.

Mitumbwi ilikuwa miwili, imefungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu umening'inia katikati. Taa huwashwa, dagaa hujaa, kisha mtu mmoja hupaza sauti, "Inua!" na wavu mzima hupanda kwa pamoja. Mzee alipokuwa hai sauti hiyo ilikuwa yake. Alipofariki, wanawe Abeid na Abdulmajid, kila mmoja kwenye mtumbwi wake, kila mmoja alijiona amerithi koo la baba. Abeid akasema, "Inua!" Abdulmajid akasema, "Bado!" Wavu ukapanda upande mmoja kama kitanda kilichovunjika mguu, dagaa wakajiendea zao. Kulipokucha, watu wa mwaloni, pale mitumbwi inapopakulia samaki, waliwakuta ndugu hawasemeshani, wanafungua kamba, kila mtu achukue mtumbwi wake.

Manahodha wawili chombo huenda mrama, hilo kila mtu analijua. Lakini Mwanamvua, mtu wa subira, alitaka lisemwe na msomi.

Msomi wa ukoo alikuwa Ashraf, mtoto wa mdogo wake anayekaa mtaa wa Buzebazeba. Chuoni alianza na samaki, akahamia miamba, miamba ikamchosha akaenda hesabu, na sasa yuko nyumbani akijiita mtaalamu wa fani zote. Akaja. Akala kwanza samaki kuhe aliyepikwa kwa mawese, akanawa mikono, akasimama katikati ya ua.

"Kabla ya kupatanisha mtu," alisema, "tujue kwanza mwachano ni nini."

"Si hawa wawili hapa," Mwanamvua akamwonyesha.

"Huo ni mfano, mama mkubwa. Mimi natafuta maana."

Akaanza na ardhi. Akasema nchi hii imekaa juu ya mabamba mawili yanayoachana polepole tangu enzi na enzi. Katikati likafunguka bonde, maji yakajaa, ndilo ziwa hili. "Bila mwachano msingekuwa na pa kuvua."

"Umesikia wewe?" Abeid akaruka. "Mimi nikikuacha patatokea ziwa la pili."

Ashraf akaingia kwa samaki, wale wadogo wa rangi wanaoishi kwenye mawe. Ukoo mmoja ukitengwa na mchanga, vizazi vikapita, unakuwa aina mbili zisizojuana.

"Basi mimi na huyu tumeshafika huko," Abdulmajid akasema. "Mtazame hata mdomo."

"Na mimi niliyewazaa wote?" Mwanamvua akauliza. "Mimi ni aina gani?"

Lakini Ashraf alikuwa keshafika kwenye lugha. Kiha na Kirundi, akasema, vilikuwa kitu kimoja vikaachana. Mwanamvua akasema mbona sokoni wanauziana mihogo na wanaelewana. Ashraf akasema sokoni si ushahidi. Akamalizia na hesabu: kuna jumla ambayo unaongeza, unaongeza, wala haitulii mahali.

"Hiyo nimeielewa," Abdulmajid akapiga miayo. "Ni kama kikao hiki."

Jua lilikuwa limeshainamia Kongo Ashraf alipotoa hukumu. Elimu zote zimekubaliana, akasema, kuachana ndiyo njia ya dunia. Abeid achukue mtumbwi wake na wavu. Abdulmajid achukue wake na taa. Ile miti ya kuunganishia, kwa kuwa hakuna fani iliyoitaja, apewe mama.

Mwanamvua akashukuru. Ungemfanyaje mtoto aliyesoma? Miti ikaletwa uani, akaanika kanga zake juu yake, akangoja.

Hakungoja sana. Abeid alitoka na wavu, akaushusha ubavuni, mtumbwi ukalala upande nusura unywe ziwa. Abdulmajid alitoka na taa, dagaa wakamjia wengi mpaka maji yakachemka, naye akawa anawachota kwa ndoo kama mtu anayezima moto.

Asubuhi Abeid akabisha hodi. "Shikamoo mama. Nimepita tu kukujulia hali."

"Marahaba. Na macho yako mbona yako kwenye kanga zangu?"

"Aa, nilifikiri... miti hii nikajengee banda."

"Ichukue, baba."

Akashika ncha moja ya mti wa kwanza. Ncha ya pili ikabaki chini inachora udongo. Akasukuma, akavuta, jasho likamtoka. Ndipo akaingia Abdulmajid, naye amepita tu kumjulia mama hali. Akautazama mti, akaitazama ncha iliyobaki. Akainama.

Wote wawili wameushika. Mti hauendi.

"Sema basi," Abeid akanung'unika.

"Sema wewe, si ndiwe mwenye koo?"

"Nikisema utasema bado."

Giza la mwezi lilikuwa limebaki dogo. Ashraf, ambaye tangu hukumu hakuwa ameondoka, alikuwa barazani anakunywa chai; akaweka kikombe chini, akasogea na kidole juu.

"Ngojeni kwanza. Katika fizikia, mwachano una maana nyingine kabisa. Chukulieni chemchemi..."

"Inua!" Abeid na Abdulmajid wakapiga kelele kwa pamoja. Mti ukapanda mabegani, ukatoka mlangoni mbio kuelekea mwaloni, na Ashraf nyuma yake na chemchemi yake.

Usiku mitumbwi ikafungwa pamoja tena, na kesho yake dagaa walianikwa mpaka mchanga haukuonekana. Ashraf amewaandikia wenzake kwenye simu kwamba usuluhishi wa kisayansi umefaulu, na Mwanamvua hampingi. Alimtengea samaki mgebuka mkubwa kuliko wote, akamkatalia kurudi Buzebazeba. Amempa chumba cha uani, cha bure. Na wanawe wakianza kutupiana maneno wakifunga kamba, yeye huuliza swali moja tu, tena kwa upole:

"Nimwamshe Ashraf?"